Chupa Niliyoiacha na Lebo ya Mafuta

Wewe unayenisikiliza, kaa tu ulivyo. Kama umechoka, egemea ukuta, maana hata mimi ninaongea nikiwa nimechoka. Bwana asifiwe na waliochoka pia, kwa kuwa hata pumzi ndogo ni yake. Ndugu zangu, ushuhuda wangu hauna malaika ndani yake. Una chupa, kitambaa na msichana mmoja. Nitaueleza polepole kama nilivyozoea kuwaeleza wanafunzi.

Naitwa Karimi, wengi mnaniita Mama Mwenda. Nilizaliwa Kianjai, nikaolewa huku Mbeere, na kwa miaka ishirini na mmoja nimekuwa fundi wa maabara katika shule ya upili ya wasichana. Fundi wa maabara si mwalimu. Mwalimu anafundisha kemia. Mimi ndiye ninayepima dawa, ninayezichanganya na kuzipanga mezani kabla wasichana hawajaingia, kisha ninaosha vyombo wakishatoka. Shule yetu ina maabara moja. Kemia, baiolojia na fizikia zinapokezana humo tangu asubuhi. Maji ya mfereji yanakuja yakipenda. Yasipokuja, ni mimi na mitungi.

Wakati huo mama yangu alikuwa mgonjwa, na kila Ijumaa jioni nilipanda hadi Kianjai kumwogesha na kumpikia, Jumapili nikarudi. Jumatatu asubuhi nilikuwa nikifungua mlango wa maabara huku mikono bado inanuka sabuni ya mgonjwa. Siwaambii haya ili mnihurumie. Nawaambia ili mjue kwamba mtu anaweza kufanya kosa kubwa bila ubaya wowote moyoni, akiwa amechoka tu, na kosa likawa kubwa vilevile.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Dawa za maabara huja katika chupa kubwa za kahawia. Ni nzito, na ukiwa na meza kumi na mbili huwezi kuzunguka nazo. Kwa hiyo unamimina kidogo katika chupa ndogo. Chupa zetu ndogo zilikuwa zimevunjika karibu zote. Basi akina mama wa kanisa, ambao hawatupi kitu, wakawa wananiletea chupa zao za mafuta ya zeituni, yale ya kuwapaka wagonjwa wakati wa maombi. Ni kioo kizuri, na kifuniko kinakaza. Aliyeniletea nyingi kuliko wote ni Mama Wawira, kiongozi wa akina mama, ambaye ukimwambia una shida anaanza kuomba kabla hujamaliza kuieleza.

Nilizisafisha, nikazikausha, nikatia dawa. Lebo sikuzitoa. Nje imeandikwa mafuta ya zeituni, ndani mimi mwenyewe najua kilichomo. Hii niliitambua kwa mkwaruzo, ile kwa mahali inapokaa kwenye rafu. Hata zile chupa kubwa, lebo zao zilikuwa zimeliwa na mende, maana mende hupenda gundi, na mvuke wa asidi ukamaliza maandishi yaliyobaki. Sikujali. Kichwa changu ndicho kilichokuwa lebo.

Mwaka huo tulipata mwalimu mpya wa kemia, kijana anayeitwa Njeru. Wiki yake ya kwanza alisimama mbele ya rafu yangu kwa muda mrefu. Akaniuliza kwa heshima kama angeweza kunisaidia kuandika majina. Niliona kama ananifundisha kazi.

Nikamwambia, "Mwalimu, hizi chupa nilizijua kabla wewe hujajua kunawa uso."

Akacheka kidogo. Akasema, "Kweli, Mama. Lakini siku ukiwa Kianjai, nani atazijua?"

Nikamjibu kwamba nikiwa Kianjai maabara hufungwa, na ufunguo huwa mfukoni mwangu. Maneno yakaishia hapo. Ndugu zangu, jibu langu lilikuwa zuri kabisa, na halikuwa na maana yoyote.

Mnajua desturi yetu. Kabla ya mtihani wa kidato cha nne, shule inaweka siku ya maombi. Wazazi wanakuja, mchungaji anahubiri, wasichana wanainua kalamu zao juu ziombewe. Kisha akina mama wa kanisa wanazunguka wakiombea kila chumba ambamo mtihani utafanyika. Maabara haiachwi, kwa sababu huko ndiko mtihani wa vitendo unafanyika na wasichana wengi huogopa huko kuliko mahali pengine.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na sikuwa nimeenda kwetu. Asubuhi nilikuwa nikitayarisha dawa za zoezi la mwisho. Nilimimina asidi ya salfuriki, ile kali ambayo haijachanganywa na maji, katika chupa moja ya Mama Wawira, nikaijaza nusu. Nikaitwa nikasaidie kugawa chai. Nikaiacha juu ya meza iliyo karibu na stoo. Na si hivyo tu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaomba akina mama wasiishie mlangoni, waombee hata stoo. Nikafungua kila kitu kwa mkono wangu.

Kwa yule ambaye hajawahi kuiona asidi hiyo, nieleze. Haina rangi. Haichemki, haitoi moshi ukiitazama. Ni nzito, inateremka polepole kwenye kioo, sawasawa na mafuta. Ukiiweka kwenye chupa iliyoandikwa mafuta, hakuna macho duniani yatakayokataa.

Wakaingia akina mama wanane na wasichana kama thelathini. Mama Wawira alitangulia. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani kama wenzake, na kingine kidogo mkononi cha kufutia vidole. Wasichana walipiga magoti mbele yake mmoja baada ya mwingine. Desturi yake ni kumimina tone katika kiganja chake cha kushoto kwanza, achovye kidole gumba cha kulia, kisha amwekee msichana alama kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa nyuma, nimefumba macho. Nitasema ukweli: sikuwa naomba. Nilikuwa nasinzia nikiwa nimesimama.

Nikamsikia akisema kwamba mafuta yameisha. Kisha nikamsikia akifurahi, "Kumbe Mama Mwenda ametuwekea mengine. Ubarikiwe, dada yangu."

Sijui kama mmewahi kuamshwa na baraka. Nilifungua macho nikaona kifuniko kiko mezani, chupa imeinama, na kiganja chake kinang'aa. Mbele yake alikuwa amepiga magoti msichana mmoja wa kidato cha nne, jina lake Igoki, uso juu, macho yamefumbwa. Kidole gumba cha Mama Wawira kilikuwa kinashuka kwenye kiganja.

Nikapiga kelele, "Usimguse! Mama, usimguse mtoto!"

Alishtuka, akasimamisha mkono. Akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza, na hapo joto likaanza. Alijifuta haraka na kile kitambaa cheupe. Nikamvuta hadi kwenye mtungi wa maji, nikaanza kummiminia, mtungi wa kwanza, wa pili, nikawatuma wasichana walete mingine. Nilimwagia maji mpaka mabega yangu yakafa ganzi. Hilo tu ndilo nililolifanya sawasawa siku ile. Asidi ikikumwagikia, usipake kitu, usifunge. Toa nguo iliyolowa na umwage maji mengi kwa muda mrefu, hata mtu akisema inatosha.

Lakini tulipokuwa tukihangaika na maji, watu wengine walikuwa wakitazama sakafuni. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kimeanguka hapo, na kilikuwa kinageuka cheusi. Hakuna moto, hakuna mtu aliyekishika, na kitambaa kinageuka kuwa kama mkaa mbele ya macho yao. Mzazi mmoja aliyekuwa mlangoni akaanza kukemea pepo. Wengine wakadakia. Kabla hatujamfikisha Mama Wawira kwenye gari la kwenda hospitali Embu, shule nzima ilikuwa inasema kwamba mafuta ya upako yamekataa kushuka.

Huko hospitali muuguzi aliuliza nini kimemuunguza. Mama Wawira, katika maumivu yake, akasema ni mafuta. Wenzake wakasema ni mafuta. Muuguzi akanitazama mimi niliyekuwa nimelowa maji mpaka magotini.

Nikasema, "Ni mafuta."

Ndugu zangu, neno hilo moja. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja ya kazi, mama mgonjwa na watoto, na nikaona yote yanamwagika kwenye mtaro. Nikajiambia mkono umeshaoshwa, kujua jina la dawa hakutaongeza kitu. Tena nilikuwa najua si kweli. Daktari hutibu anachoambiwa.

Nikarudi shuleni. Ile chupa nikaiosha, nikaikwangua lebo mpaka kioo kikabaki kitupu. Jumapili ikapita, Jumatatu, Jumanne. Mwalimu mkuu aliuliza, na kila mtu akamwambia kwamba Mama Wawira alikuja na mafuta yake. Wengine waliongeza kwamba labda aliyapata kwa nabii wa uongo. Mwalimu Njeru aliniangalia mara moja tu, kwa muda, kisha akaenda darasani. Nilichoka zaidi kwa siku hizo nne kuliko kwa miaka yote ya kubeba mitungi.

Jumatano, saa ya mapumziko, Igoki akaja mlangoni. Ni msichana mtulivu, wa wakulima wa ndengu, na hupenda kemia. Aliniomba nimsaidie kujua jambo. Akasema, "Madamu, kile kitambaa kilifanya kama ile sukari."

Nilijua sukari gani. Kidato cha tatu huonyeshwa jinsi asidi hiyo inavyonyonya maji kutoka kwa sukari mpaka ibaki makaa meusi. Mimi ndiye niliyewatayarishia. Pamba nayo ni vilevile. Mtoto alikuwa amefanya hesabu yake vizuri na alikuwa amenijia na jibu mkononi.

Nikamwambia aende akasome, mtihani umekaribia.

Hakuondoka. Akasema, "Nasoma wapi, Madamu? Wasichana wanasema pepo liko kwangu, ndiyo mafuta yakakataa kushuka kwenye uso wangu. Yule wa kitanda cha juu amehamisha godoro. Jana waliniombea wakikemea, 'Toka!', na sijui nitoke wapi." Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na mimi nimeanza kuogopa kwamba ni kweli."

Hapo ndipo, ndugu zangu. Sikusikia sauti kutoka juu. Nilimwona mtoto mwenye akili aliyeujua ukweli kwa kemia yake mwenyewe, na alikuwa anauacha kwa sababu mimi, mtu mzima, nilinyamaza. Bado siku chache aketi mbele ya mtihani ambao wazazi wake wameungoja miaka minne. Asidi yangu ilikuwa imekosa uso wake. Kimya changu kilikuwa hakijamkosa.

Nilisema, "Bwana, nimeshindwa kubeba." Ndiyo yote niliyoomba. Kisha nikamwambia Igoki kwamba jibu lake ni sahihi, kwamba ilikuwa asidi, na kwamba chupa ilikuwa yangu. Alilia, mimi sikulia. Nikamwomba anipe mpaka kesho asubuhi, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye alistahili kusikia kabla ya shule.

Mchana huo nilikwenda Embu. Mama Wawira alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji nyeupe. Nilimtafuta kwanza muuguzi, nikamwambia jina kamili la kile kilichomuunguza. Aliliandika, akamwita daktari, na wala hakunigombeza, jambo lililonitesa zaidi. Ndipo nikamwendea Mama Wawira, nikamweleza yote, na lile la kukwangua lebo nikalitaja.

Akaniangalia kama anavyoangalia kuku aliyemwaga unga. Akasema, "Karimi, miaka yote hii nakuletea chupa. Karatasi ndogo hivyo ilikushinda kukwangua mpaka uniunguze kwanza?"

Nilimwomba msamaha. Akasema mkono una mwenyewe na mwenyewe yuko juu, utapona. Kisha akaninyooshea ule mkono mzima, kidole kikinitazama. "Wewe nenda ukamtoe yule mtoto pepo uliyemtia. Usije hapa tena kabla hujamtoa."

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeshamweleza mwalimu mkuu, na nilisimama mbele ya shule yote kwenye gwaride. Niliwaambia, "Haikuwa pepo. Ilikuwa chupa yangu." Nikawaeleza mwanzo hadi mwisho, kama ninavyowaeleza ninyi. Mwalimu Njeru akaleta meza, akavaa miwani ya kinga na glavu, akawaweka wasichana mbali, akadondosha matone machache ya asidi kwenye kitambaa kipya cheupe. Walikiona kikigeuka cheusi mchana kweupe bila mtu kukemea. Akamwita Igoki awaeleze kwa nini. Alieleza, mwanzoni sauti ikikwama, baadaye ikanyooka, mpaka akawasahihisha wenzake waliosema kitambaa kimeungua.

Jioni yule wa kitanda cha juu alirudisha godoro. Sijui walisemezana nini, na halinihusu.

Mimi nilisimamishwa kazi mpaka bodi ikutane. Mtihani wa vitendo ulitayarishwa na fundi wa shule jirani. Nilikaa nyumbani mwezi na zaidi, kisha nikarudishwa kwa barua ya onyo. Igoki alifanya mtihani wake. Mkono wa Mama Wawira umepona, ila kiganja kina ngozi ngumu inayovuta anapokunja vidole, na kila akinisalimia ninaisikia. Mungu alisamehe, lakini ngozi haikurudi ilivyokuwa. Nawaambia hivyo ili mtu asifikiri kwamba toba ni maji ya kuosha kila kitu.

Nimeokolewa kutoka nini, basi? Watu huniambia nihubiri kwamba mtu ni kama chupa, nje mafuta, ndani asidi. Wahubiri watahubiri. Mimi naongea juu ya chupa zenyewe. Nimeokolewa kutoka kwenye lile neno "najua mwenyewe". Uchovu haujaondoka, mama yangu bado ni mgonjwa, na maji ya mfereji bado yanakuja yakipenda. Lakini sasa hakuna chupa inayoingia mezani kwangu kabla haijaandikwa. Mimi na Mwalimu Njeru tulikaa siku tatu tukiandika. Jina la dawa, ukali wake, tarehe, na picha ya hatari yake.

Picha hizo mnazo hata ninyi majumbani, kwenye dawa ya kunyunyizia mimea ya muguka shambani, dawa ya kuogesha ng'ombe, dawa ya kusafishia choo. Tafuta mraba uliosimama kwenye ncha, mstari mwekundu pembeni na picha nyeusi katikati. Ukiona maji yanadondoka juu ya mkono na mkono umelika, hiyo inakula ngozi na macho. Ukiona fuvu na mifupa miwili, kidogo tu kinaweza kuua. Mwali wa moto, weka mbali na jiko na sigara. Mtu mwenye kama nyota kifuani, hiyo inadhuru ndani ya mwili taratibu, hutaona leo. Samaki aliyekufa kando ya mti, usiimwage mtoni. Alama ya mshangao, inawasha au inadhuru, usiidharau. Huhitaji kusoma sana kuelewa hizo. Mama Wawira amezijua zote, na kwenye mkutano wa akina mama yeye ndiye anayewauliza wengine, akibishiwa anaonyesha kiganja.

Namshukuru Mungu aliyezuia kile kidole gumba. Namshukuru kwa Igoki, aliyekataa kuondoka nilipomfukuza. Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama kuna jambo unalolificha kwa sababu umechoka kufikiria litakaloleta, mtumaini Bwana na ulitamke. Litakugharimu. Kulibeba kunagharimu zaidi, nimelibeba siku nne tu na najua.

Sasa nenda nyumbani. Tazama chini ya kitanda, jikoni na kwenye ghala, na utafute kila chupa ya soda, ya maji au ya mafuta ambayo ndani yake kuna kitu kingine. Usiinuse, usiionje. Kama unajua kwa hakika kilichomo, kwangua lebo ya zamani, andika jina la kweli kwa kalamu isiyofutika, na uifungie mbali na chakula na watoto. Kama hujui, usiifungue. Andika "sijui, hatari", ifungie, na kesho asubuhi umwulize afisa wa kilimo au mwalimu wa kemia wa shule iliyo karibu nawe.